Mtoto Hajaulizwa



Nimesomesha watoto Qur'ani hapa Likoni kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali upate kujua kwamba kosa nitakalokusimulia halikufanywa na mtu mgeni wa kazi. Limefanywa na mtu ambaye wazazi humletea watoto wao wakasema, "Maalim, huyu ni wako," kisha wakaenda zao na nyoyo zimetua.

Mwaka 2023 alikuwako chuoni kwangu kijana wa miaka tisa. Jina lake silitaji, kwani mtaa wetu ni mdogo. Mamake alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani tangu mwanzo wa mwaka 2022. Babake alikwisha kumwacha mamake zamani, na khabari zake hazijulikani. Kijana akilelewa na nyanyake mzaa mama. Lau ungemwona ungesema hana upungufu wa kitu. Kanzu yake safi, viatu vyake vipya, mkoba wa skuli mzuri ambao hakuna mwenziwe aliyekuwa na mfano wake, na ada ya chuo ikinifikia kwa simu kabla ya tarehe tano ya mwezi. Tena mtoto mpole, hagombani na mtu, hapigi kelele. Mara ngapi nimewaambia wenziwe, "Mtazameni mwenzenu alivyo na adabu!"

Basi katika mwaka huo kijana akaanza kusinzia juu ya msahafu. Somo ambalo jana amelipita bila ya kigugumizi, leo halijui. Nikapata khabari kwamba skulini nako amerudi nyuma, naye alikuwa katika watano wa mbele. Nikamwonya mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nikachukua bakora. Sheria ya nchi yetu ilikataza bakora maskulini tangu mwaka 2001, nami nilipokuwa skulini niliitii. Lakini chuoni, msomaji, wajua mwenyewe tulivyo, twajiona kama tuko katika dola nyengine. Nikampiga viboko vinne vya mkono. Hakulia. Alinyosha mkono, akaurudisha, akaendelea kusoma pale pale alipokosea. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba bakora imefanya kazi yake.

Siku ya nne akaja nyanyake baada ya sala ya alasiri, akasimama nje mpaka watoto wote wakaondoka. Nilidhani amekuja kuteta. La, alikuja kuniomba radhi!

"Maalim," akasema, "nisamehe kwa huyu mjukuu wangu. Usiku halali."

Akanieleza. Mamake kijana yuko Riyadh, katika nyumba ya watu wanane. Mchana haruhusiwi kushika simu. Saa za Saudia na zetu ni moja, kwa hivyo akimaliza kuosha vyombo na wenyewe wakalala, hapa kwetu pia ni saa saba au saa nane za usiku. Hapo ndipo hupiga. Nyanya ana ugonjwa wa sukari na hulala mapema, basi simu ikawa yalala na mtoto, chini ya mto wake. Akipigiwa huzungumza robo saa, kisha usingizi hauji tena. Asipopigiwa, hungoja. Na katika mwezi ule mwenye nyumba alikuwa amemnyang'anya mama yule simu kwa muda wa wiki tatu. Sababu ilikuja kujulikana baadaye, ni kitu kidogo tu cha jikoni. Lakini wakati ule nyanya hakuijua wala mtoto hakuijua. Walichokijua ni kwamba simu hailii. Mtoto akaingoja mpaka adhana ya alfajiri, akaamka akavaa sare akaenda skuli, akatoka skuli akaja kwangu, nami nikamngoja na bakora.

Sasa nijiulize mbele yako, ndugu msomaji: kwa nini sikumwuliza? Neno moja tu, "Kijana, una nini?" Silo neno zito. Nimelitafuta jawabu kwa muda mrefu, na nilipolipata nililikuta ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Babangu alikwenda Uarabuni mwaka 1976, na mimi nikiwa na miaka tisa, sawasawa na kijana huyu. Wasomaji wa umri wangu waikumbuka miaka ile. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafula mwaka 1973, nchi za Ghuba zikaanza kujenga miji na bandari, na wanaume wa pwani yetu wakaondoka, huyu dereva, huyu fundi, huyu mlinzi. Simu ya nyumbani ilikuwa ya matajiri. Sisi tulikuwa na kaseti. Mtu akija likizo huleta kaseti ya babangu, nasi twakaa sote juu ya mkeka kulizunguka redio, sauti yake ikatoka imekwaruza, akitusalimu mmoja mmoja kwa majina. Kisha huwa zamu yetu kumrekodia. Mamangu hunisogezea ile redio na kuniambia, "Haya sema, babako yuakusikia." Sikuweza kusema. Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima, na kidude kile chekundu kikibonyezwa yote hupotea. Husema, "Baba, mimi mzima, nakuombea dua," basi. Aliporudi likizo baada ya miaka miwili nilijificha uvunguni mwa kitanda, wakanitoa kwa kunivuta mguu, na watu wazima wakacheka sana. Mpaka leo katika ukoo wetu kisa hicho huchekesha.

Nami nilikuwa nikicheka pamoja nao. Nilijiambia kwamba baba alikuwa mbali, nikachapwa, nikasoma, nikawa mtu; basi na hawa nao watakuwa watu. Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu. Nilisahau kwamba katika kisa changu kuna mtu mmoja ambaye hakuondoka. Mamangu alikuwapo. Usiku nikishtuka nilimkuta. Zamani aliondoka baba na mama akabaki akiishika nyumba. Siku hizi katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni, Majengo na Kwale anayeondoka ni mama mwenyewe.

Wala sitaki unielewe kuwa namlaumu. Tangu watalii kupungua mwaka 2014, baada ya mashambulizi na onyo la serikali za Ulaya kwa watu wao, mahoteli mengi ya pwani yalifunga au yakapunguza wafanyakazi. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena kwenda Nairobi mwaka 2018, malori yakasimama, na nyuma ya kila lori alikuwako mama muuza chakula, fundi wa matairi na mtoto wa kutingo. Serikali ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati mwaka 2014, kisha ikafungua tena mwaka 2017, na maajenti wakaingia mitaani kama wachuuzi. Mwanamke aliyeachwa na watoto watatu, asiyeletewa hata kibaba cha unga na baba wa watoto hao, aambiwa kuna kazi ya miaka miwili na tikiti imelipwa. Wewe ungemwambia nini?

Najua wako watakaonikatiza hapa kwa suala la safari ya mwanamke bila ya mahram. Suala hilo ni la maulamaa, nao wamelizungumza sana katika mimbari. Ninachosema mimi, nimesikia khutba nyingi za kumlaumu mama aliyeondoka, na sijasikia ya kumtaja kwa ukali kama huo yule mwanamume aliyewazaa watoto kisha akahamia Kisauni na kuoa mke mwengine. Lakini hilo nalo tuliache, kwani kila tukianza kugombana juu ya nani mwenye makosa, yule mtoto anabaki pale pale amekaa juu ya mkeka.

Rudi nami katika Qur'ani, katika Suratul Qasas, kwenye kisa cha mama yake Nabii Musa (a.s.). Mwanamke yule hakumtupa mwanawe. Alimtia sandukuni na kumweka mtoni ili asalimike na kisu cha Firauni, na Mwenyezi Mungu atwambia kwamba moyo wake ulibaki mtupu. Sisi tukisimulia kisa hiki hukimbilia jumba la Firauni. Mimi sasa hukaa zaidi kwa yule dada. Mama alimwambia binti yake amfuate nduguye, naye akafuata, akatazama kwa mbali bila ya wao kujua, mpaka akayaona maziwa ya wanyonyeshaji wote yakikataliwa, akasema neno lililomrudisha mtoto kwa mamake. Basi na huku kwetu, sanduku likishatiwa majini, nani afuataye ukingoni? Mimi nilikuwa ukingoni kila siku, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili, na mikononi nina bakora.

Watu hupenda kusema kwamba mtoto husahau. "Mpe miezi miwili, atazoea." Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na Bibi Amina huko Abwaa, kati ya Makka na Madina, naye ana umri wa miaka sita. Miaka mingi ikapita. Akapewa utume, akahajiri, akawa na umma nyuma yake. Kisha akalizuru kaburi la mamake, akalia mpaka akawaliza waliokuwa pamoja naye. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Ikiwa mbora wa viumbe, mtu mzima aliyepindukia miaka hamsini, alilia kwa mama aliyemkosa akiwa wa miaka sita, twapata wapi ujasiri wa kusema mtoto wa Likoni atazoea kwa miezi miwili?

Kuna na jambo la Sayyidna Umar (r.a.). Imepokewa kwamba usiku mmoja akizunguka Madina alimsikia mwanamke akilalamika kwa upweke, mumewe yuko vitani. Akaenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, akamwuliza mwanamke aweza kusubiri muda gani bila ya mumewe. Akajibiwa ni miezi kadhaa, wapokezi wengine wasema minne na wengine sita, naye akaamrisha askari wasizuiliwe zaidi ya hapo. Alikuwa na dola kubwa ya kuangalia, na bado alikwenda kumwuliza mwenye kusubiri kuwa kusubiri kwake kuna mwisho wapi. Sisi twatia saini mkataba wa miaka miwili, pengine ukazidi, na mtoto hatumwulizi. Twamwambia tu, asubuhi ya safari, au hatumwambii kabisa. Kijana wangu huyu aliamka akakuta mamake hayuko. Waliona afadhali aondoke naye amelala asije akalia.

Baada ya nyanyake kunieleza, nilidhani dawa ni ndogo: alale, basi. Haikuwa ndogo. Kijana alikuwa akikojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha tangu miaka minne. Tumbo likimuuma kila Jumatatu. Nyumbani walikwisha kusema ni jini, akanyweshwa kombe la zafarani, akasomewa siku saba. Mimi ni msomaji wa Qur'ani, siwezi kukudharaulia kisomo, na kijana mwenyewe aliniambia kwamba siku alizosomewa alilala kidogo. Lakini Waislamu wa kale hawakukomea hapo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na ya nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi. Akaigawanya huzuni akasema iko yenye sababu ijulikanayo na iko isiyojulikana sababu yake. Miaka elfu moja na zaidi imepita, nasi mtoto wa mama aliye Riyadh akihuzunika twatafuta jini!

Na wataalamu wa leo wamehesabu. Mwaka 2018 jarida la matibabu la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha kazi iliyokusanya tafiti 111 juu ya watoto walioachwa nyumbani na wazazi waliokwenda kutafuta kazi, zikihusu watoto zaidi ya 264,000, walioachwa na wasioachwa, walio wengi wa Uchina. Walikuta kwamba watoto hao wamo hatarini zaidi kuliko wenzao kwa huzuni nzito, kwa wasiwasi, na hata kwa fikira za kujiua. Hawakukuta faida ya siha kwa watoto iliyoletwa na fedha za mzazi aliye mbali. Nilipoyajua haya niliukumbuka ule mkoba mzuri.

Tulimpeleka hospitali, nyanya na mimi. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wanangu. Hakumpa dawa. Alinitaka mimi na nyanya tukae nyuma, akavuta kiti chake mpaka kwa mtoto, akamwuliza, "Usiku ukiwa macho, wafikiri nini?" Kijana akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nafikiri mama amekwisha kufa, na nyanya ajua lakini yuanificha."

Msomaji, hakuyatoa hewani. Katika simu ile ile ya chini ya mto alikuwa amewaona wanawake wa kwetu wakijirekodi wakilia, wakiomba warudishwe. Alikuwa amewasikia watu wazima barazani wakizungumza juu ya majeneza yaliyorudi kutoka Saudia, na tulipopita naye mazungumzo yalikatika. Mtoto aliyeondokewa na mama naye amelala, akiwa hakuagwa, ataaminije kwamba hafichwi jengine? Alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake kwa mwezi mzima, akija chuoni, akitoa salamu, akikaa mahali pake. Ile ndiyo niliyokuwa nikiiita adabu.

Tuliyoyafanya baadaye si makubwa. Nyanya aliichukua simu ikalala kwake. Mama aliporudishiwa simu yake tukapatana naye kwamba usiku asipige, bali arekodi maneno yake na kuyatuma, mtoto ayasikilize asubuhi akinywa chai. Kumbe nimerudi kwenye kaseti za mwaka 1976! Akawa amtumia salamu, amweleza amepika nini, siku nyengine amsomea sura moja fupi, na kijana aniletea mimi niisikie, "Maalim, mama amekosea hapa," na kweli amekosea, na twacheka. Mwalimu wake wa skuli niliyemwendea alistaajabu. Katika darasa lake walikuwamo watoto wanne wa namna hiyo, naye hakumjua ila mmoja. Na mambo mengine hayakufaulu. Ajenti tuliyemwendea kuuliza juu ya ile simu iliyonyang'anywa alitukalisha asubuhi nzima kisha akatwambia tuandike barua.

Bakora niliivunja. Kisha nikamwita kijana nikamwambia nilimpiga kwa dhuluma, anisamehe. Akatazama chini akasema, "Haidhuru, maalim." Laiti angelia! Neno hilo la "haidhuru" kwa mtoto wa miaka tisa sijalimeza mpaka leo.

Mamake alirudi mwisho wa mwaka 2024. Miaka miwili ilikuwa karibu mitatu, kwani mwenye nyumba alichelewesha karatasi zake. Amerudi na mgongo mbovu, na fedha za kumalizia chumba kimoja. Nyengine alizotuma nduguye alikuwa amezijengea mambo yake. Mwezi wa kwanza kijana hakumwomba kitu. Akitaka maji, akitaka kutoka, alimwomba nyanyake ruhusa, na mama amekaa hapo hapo. Usiku alikuwa akiamka, akenda mpaka mlangoni pa chumba chake, akasimama, akarudi. Mama aliligundua hilo, akawa haufungi mlango.

Mwaka 2025 ajenti akapiga simu. Watu wa Riyadh wamtaka tena, na mshahara wameongeza. Alikuja kwangu kutaka shauri, amekaa kwenye kizingiti anakunja ukindo wa mkeka, na nilijua kwamba hesabu yake ameshaifanya: ada ya skuli, dawa za sukari za mamake, paa la chumba. Sikuwa na la kumjibu katika hesabu hizo. Nilimsimulia kisa cha Sayyidna Umar na Bibi Hafsa, nikamwambia, "Mwulize mwenyewe."

Akamwuliza usiku ule. Kijana, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, alifikiri, kisha akamwambia, "Nenda nikihitimu."

Alikuwa amefika juzuu ya kumi na tisa, naye ni mwepesi, kurasa mbili kwa siku hazimpi taabu. Mama akahesabu miezi, akamwambia ajenti asubiri. Lakini tangu siku hiyo kijana asoma nusu ukurasa. Akifika mwisho wa aya hurudi mwanzo, adai kuna herufi hakuitoa sawasawa, na nikimwambia ameitoa vizuri asema, "La, maalim, ngoja niirudie." Ajenti amekwisha kupiga mara mbili kuuliza. Mimi simhimizi.